Shajara ya mradi: Kuelezea spishi mpya ya Cantharellus kutoka miombo ya Sikonge

9 Desemba 2023: Tunachokitafuta

Shajara hii inaandikwa ili mtu mwingine mwenye hadubini ya kawaida na subira ya kutosha aweze kufuata njia hii, au kuikwepa pale ilipotushinda. Uyoga tunaoushughulikia ni wa jenasi Cantharellus, jamii ya uyoga wa njano, wa machungwa na mwekundu unaoota chini ya miti ya miombo mvua zinapokolea, na ambao akina mama wa Sikonge na kwingineko mkoani Tabora huupanga kandokando ya barabara na kuuza kwa sado. Kati yake upo mmoja mwembamba, wenye kofia ya rangi ya embe bivu na mikunjo ya pinki hafifu upande wa chini, ambao haukubali kuingia katika jina lolote lililochapishwa.

Spishi za jenasi hii barani Afrika si chache. Maurice Beeli alianza kuzieleza kutoka Kongo miaka ya 1920, Paul Heinemann akaongeza nyingi kuanzia 1958, na Bart Buyck na wenzake wameendelea hadi leo, nao ndio waliotupatia Cantharellus tanzanicus na C. miomboensis (C. ni kifupi cha Cantharellus). Hapa nchini, Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2012 pendekezo la kuzitenga baadhi ya spishi za Afrika katika jenasi yake, Afrocantharellus, pendekezo ambalo wataalamu wengine hawakulikubali na wakabaki kuziita kundi dogo ndani ya Cantharellus. Kwa hiyo anayedai kuwa na spishi mpya ana kazi ya kusoma maandishi ya karibu miaka 100 kabla ya kufungua mdomo. Hata hivyo nafasi ipo tele: kuvu zilizokwisha kuelezwa duniani ni takribani 150,000, wakati makadirio ya mwaka 2017 yanataja spishi kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8.

Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ruhusa ya msitu wa hifadhi na barua ya serikali ya kijiji vilishughulikiwa kabla ya mvua. Ni hatua za kawaida, ila zianze mapema, kwa sababu msimu wa uyoga haumsubiri mtu.

13 Januari 2024: Kikapu cha sokoni hakifai

Njia ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa ya haraka: kununua uyoga barabarani, kuchambua ule wenye mikunjo ya pinki, kuupiga picha na kuukausha. Njia hiyo imekufa. Muuzaji huchuma kutwa nzima katika vichaka vilivyo mbalimbali, na uyoga unaofanana juu juu huchanganyika kikapuni. Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya majina ya mwani, kuvu na mimea, jina jipya hufungwa kwenye sampuli moja iitwayo holotipu, na sampuli hiyo lazima iwe ya mkusanyo mmoja na ya spishi moja. Uyoga ambao hujui ulitoka chini ya mti gani, siku gani, na pamoja na nani hauwezi kubeba jina la kudumu, hata ukiwa mzuri namna gani.

Tuliuliza kwa adabu kama tungeweza kwenda pamoja na wachumaji, na bibi mmoja anayeheshimiwa kijijini kwa ujuzi huu akakubali. Alipoona tunauweka uyoga wa vichaka viwili katika mfuko mmoja alitusimamisha: "Wajukuu zangu, hawa si ndugu. Huu ukiupika mchuzi wake unabaki mweupe, na huu unakuwa wa njano. Msiwachanganye." Tulipokata vielelezo vya aina zote mbili kwa wembe kuanzia kileleni hadi mguuni, wa kwanza ulikuwa na nyama nyeupe tupu, na wa pili, ambao ndio wetu, ulikuwa na nyama nyeupe katikati na ukanda wa njano chini ya ngozi ya kofia na kando ya shina. Hakuna maandishi niliyoyasoma kuhusu spishi za miombo yanayotaja tofauti ya mchuzi, nasi tumeiweka katika maelezo kama taarifa ya wachumaji.

Tangu siku hiyo kila kichaka kina namba yake, na kila namba ina karatasi inayojazwa papo hapo porini: mahali kwa GPS, mwinuko, miti iliyo ndani ya mita kumi, rangi za sehemu zote kwa kulinganisha na chati ya rangi, harufu, ladha ya kipande kinachotemwa, na rangi ya jeraha baada ya kukwaruza. Jambo la mwisho halifai kurukwa, kwa kuwa C. congolensis hugeuka mweusi ikiguswa ilhali wetu haubadiliki. Harufu ya uyoga huu ni nyepesi, ya tunda, na hutoweka upesi baada ya kuchumwa. Asiyeiandika pale pale ataandika baadaye kwamba haina harufu, na atakuwa amepotosha.

Miti nayo itajwe kwa uangalifu. Uyoga huu huishi kwa ubia na mizizi ya miti, na vichaka vyetu vyote vimekuwa karibu na mtundu, yaani Brachystegia spiciformis. Lakini katika miombo mizizi ya Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia huingiliana ardhini, hivyo tunaandika "karibu na", hatuandiki "pamoja na".

Picha zilituhangaisha kuliko tulivyotarajia. Chini ya kivuli cha majani simu huongeza ukijani, na pinki ya mikunjo inapotea kabisa. Dawa yake ni kadi ya kijivu inayowekwa kando ya uyoga katika kila picha, kisha rangi hurekebishwa kwa kuifuata. Kadi moja ilitugharimu shilingi 15,000, na hakuna fedha tuliyoitumia kwa faida kubwa zaidi.

4 Februari 2024: Kukausha

Hapa ndipo tulipopoteza vielelezo vizuri vya msimu. Umeme kambini ni wa kubahatisha, kwa hiyo mikusanyo ya mwanzo ilikaushwa kwenye wavu juu ya jiko la mkaa. Ilikauka upesi na kwa macho ilipendeza. Tulipokata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, nyuzi nyembamba zinazounda mwili wa uyoga zilikuwa zimepondeka na kushikana. Joto lilizidi, uyoga ukaiva badala ya kukauka. Kukausha juani nako hakukufaa, kwa sababu mawingu ya Januari hayatabiriki na mabuu ya nzi yalimaliza mashina kabla ya unyevu kutoka.

Suluhisho ni sanduku la mbao alilotutengenezea fundi seremala: rafu tatu za wavu, matundu ya hewa chini na juu, na balbu mbili za waya za zamani upande wa chini, zikiwashwa kwa betri ya sola. Sanduku, balbu na kipimajoto vimegharimu shilingi 85,000, betri ikiwa ni ya kuazima. Joto tunalolitaka ni nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, na hupunguzwa kwa kupanua tundu la juu. Uyoga mkubwa hukatwa nusu kwa urefu kabla ya kuingizwa. Ukitoka lazima uvunjike kwa sauti. Ukipinda, unarudi ndani. Kisha hufungwa katika mfuko pamoja na silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), ambayo ikishabadilika rangi hukaangwa taratibu na kutumika tena.

Kwa ajili ya DNA hatutegemei uyoga uliokaushwa sandukuni peke yake. Kipande kidogo cha nyama ya ndani ya kofia, kisichogusa ngozi ya nje yenye vumbi na vimelea, hukatwa ungali mbichi na kuzamishwa katika silika jeli ndani ya kijichupa chenye namba ile ile ya mkusanyo. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

20 Aprili 2024: Hadubini

Mvua zimekatika na kazi imehamia mezani. Jambo la kwanza kulitafuta katika Cantharellus ya Afrika ni vifundo vidogo vinavyoonekana pale seli mbili za uzi zinapokutana. Kundi la Afrocantharellus, lenye spishi kama C. platyphyllus, C. symoensii na C. splendens, halina vifundo hivyo. Vikiwepo, umekwisha kuliondoa kundi zima mezani.

Siku za mwanzo hatukuviona, na ilielekea tuandike kwamba havipo. Tatizo lilikuwa kimiminika. Tulikuwa tukilainisha vipande kwa potasiamu haidroksaidi, nayo kwa nguvu tuliyoitumia ilivimbisha kuta za nyuzi hadi viungo vikafifia. Tulipobadili tukatumia amonia hafifu pamoja na rangi nyekundu ya Kongo, tukakandamiza kipande taratibu kwa ncha ya penseli juu ya kioo, vifundo vilijitokeza kwa wingi katika ngozi ya kofia na chini ya mikunjo. Rai yangu kwa atakayefuata ni hii: asiandike "havipo" kabla ya kutazama sehemu tofauti za uyoga, wa mikusanyo tofauti, katika vimiminika viwili. Katika jenasi hii neno hilo moja linaweza kupeleka spishi kwenye kundi lisilo lake.

Spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ukikwangua mkunjo wa uyoga mkavu unapata mchanganyiko wa spora zilizokomaa na ambazo hazijakomaa, na wastani unashuka. Vipimo vyetu vimetokana na spora zilizoanguka zenyewe usiku juu ya kipande cha kioo, zisizopungua 30 kwa kila mkusanyo: mikrometa 7.5 hadi 9 kwa urefu na 5 hadi 6 kwa upana, umbo la yai, ukuta laini. Seli zinazozaa spora hubeba spora tano au sita, idadi ya kawaida katika jenasi hii ingawa ni ngeni kwa aliyezoea uyoga wa spora nne, na zinapaswa kuhesabiwa zikiwa zimekomaa. Ngozi ya kofia ina nyuzi zenye kuta nene kiasi, ndefu, zilizolala, na ncha zake zimepigwa picha na kuchorwa kwa mkono. Michoro huonyesha kile ambacho picha ya hadubini hukificha kwa kuwa huonyesha kwa ukali tabaka moja jembamba tu.

17 Agosti 2024: DNA

Kipande cha DNA kinachotumika kama alama rasmi ya utambulisho wa kuvu, tangu pendekezo la mwaka 2012, ni ITS. Tulijaribu kukinakili kwanza kwa vianzishi vya kawaida (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili huo), ITS1F na ITS4, na karibu kila sampuli ilirudi tupu. Maabara iliyotuhudumia ilishauri kurudia kutoa DNA upya, tukarudia, na matokeo yakawa yale yale. Tumelipa takribani shilingi 60,000 kwa kila sampuli, pamoja na zilizoshindwa.

Sababu ilikuwa imekwisha kuandikwa na waliotutangulia, na inafaa kila anayeanza aijue kabla ya kulipa. Katika kuvu nyingi ITS ina herufi takribani 500 hadi 750, lakini katika Cantharellus inaweza kupita 1,000, na jeni za ribosomu za jenasi hii zimebadilika kwa kasi kiasi kwamba vianzishi vya kawaida havishiki vizuri. Ndiyo maana wanaoishughulikia Cantharellus hutegemea zaidi jeni ya tef-1. Tulipoagiza vianzishi vya tef-1 vilivyobuniwa kwa ajili ya jenasi hii, sampuli zilizotoka kwenye vijichupa vya silika zilifanikiwa. Zile za jiko la mkaa hazikutoa chochote.

Mti wa ukoo uliotokana na tef-1 unaiweka mikusanyo yetu katika tawi moja lenye uthabiti mzuri, tofauti na mifuatano yote ya Afrika iliyomo katika GenBank, hazina ya kimataifa ya mifuatano ya DNA. Ule uyoga wa mchuzi mweupe, ambao tuliuingiza kwa kulinganisha, uko kwenye tawi la mbali. Bibi alikuwa amesema kweli tangu Januari.

Kuhusu kutuma sampuli nje ya nchi: Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, imekuwa na nguvu tangu Oktoba 2014, na DNA ya uyoga ni rasilimali ya kijenetiki kama ilivyo mbegu. Mkataba wa kuhamisha sampuli uandikwe kabla ya kufunga kifurushi, kwa sababu majarida mengi sasa huuliza namba ya kibali kabla hata ya kusoma andiko.

9 Novemba 2024: Kulinganisha na sampuli zilizo mbali

Kwa muda mrefu uyoga wa Afrika umeelezwa kama viumbe wa nchi za mbali. Uliokotwa na wasafiri, ukakaushwa, ukatumwa Ulaya, na mtu ambaye hakuwahi kuuona ukiwa mbichi akauandikia mistari michache. Paul Hennings alieleza kuvu nyingi za Afrika Mashariki akiwa Berlin kwa njia hiyo, na usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria (hifadhi ya sampuli kavu za mimea na kuvu) ya Berlin. Sampuli ikiwa imeungua na maelezo ni mistari minne isiyotaja rangi mbichi, jina linabaki hewani, na kila anayekuja baadaye analazimika kuamua kama alichonacho mkononi ndicho au sicho.

Hali ya Kongo ni nzuri zaidi, na sababu yake inafundisha. Madame Goossens-Fontana, aliyekusanya uyoga katika maeneo kama Binga, alikuwa akiuchora kwa rangi za maji ungali mbichi. Beeli na Heinemann waliandika wakiwa na michoro hiyo pamoja na sampuli, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Bustani ya Mimea ya Meise nchini Ubelgiji. Nilipotazama nakala za michoro hiyo niliweza kuondoa spishi mbili zilizonisumbua bila hata kugusa hadubini: rangi ya mikunjo na umbo la shina vilitosha.

Iliyobaki ni C. densifolius. Mikunjo yake imesongamana kuliko yetu, lakini uyoga mchanga wa spishi yetu unaikaribia, na ilibidi kutazama sampuli yenyewe. Mtu binafsi hakopeshwi. Maombi hutoka hebaria moja kwenda nyingine, hivyo yalipitia hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Gharama yetu ilikuwa ya kurudisha kifurushi kwa huduma ya haraka yenye bima, shilingi 190,000. Sampuli ya miaka mingi haikatwi ovyo: tuliruhusiwa kipande kidogo sana, tukakilainisha kwa amonia kwa muda mrefu, na nyuzi zikafunguka kiasi cha kupimika. Ncha za ngozi ya kofia ni fupi na kuta zake nyembamba. Kwa tofauti hiyo, pamoja na mikunjo na nafasi katika mti wa ukoo, sina shaka tena kwamba tunachokieleza hakina jina.

2 Februari 2025: Msimu wa pili

Spishi inayojengwa juu ya vichaka vya sehemu moja ni dhaifu, na uyoga wetu wa msimu uliopita ulikuwa na upungufu mwingine: hatukuwa na hatua changa kabisa. Wachumaji walituonyesha pa kutafuta, chini ya majani makavu siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, na huko tulikuta vichwa vidogo ambavyo mikunjo yake ni pinki iliyokolea, ikififia kadiri kofia inavyofunguka hadi kuwa njano kwa uyoga mzee. Maelezo tuliyoyaandika mwaka jana yalisema mikunjo ni "pinki hafifu". Hiyo ni rangi ya umri wa kati tu, na sentensi imeandikwa upya ili ifuate uyoga kuanzia utoto hadi uzee.

Mahali pa pili pamepatikana katika miombo ya upande wa Katavi. Ni chini ya mtundu vilevile, na tef-1 yake inalingana na ya Sikonge isipokuwa herufi chache.

21 Juni 2025: Andiko

Masharti ya kanuni ni machache ila hayana huruma. Tangu 2012 maelezo au utambuzi wa spishi mpya ya kuvu huandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na uchapishaji wa kielektroniki katika jarida lenye ISSN (namba ya utambulisho wa majarida) unakubalika. Tangu 2013 jina lazima liwe na namba iliyotolewa na daftari linalotambuliwa, kama MycoBank au Index Fungorum, nayo itajwe ndani ya andiko. Holotipu itajwe wazi pamoja na hebaria inamohifadhiwa. Likikosekana moja, jina halikuzaliwa. Kwa sababu hiyo hiyo sitaji hapa jina tulilolichagua: jina likitembea kabla ya maelezo yake huleta mkanganyiko unaochukua miaka kusafishwa.

Kiswahili hakitoshi kisheria, lakini hakuna kanuni inayokataza kukiongeza. Tumeweka maelezo kamili ya Kiswahili baada ya yale ya Kiingereza, pamoja na taarifa za wachumaji kuhusu upishi na msimu, kwa kuwa watu watakaouhitaji uyoga huu kwanza wako Sikonge. Tuliwauliza pia kama ramani ichapishwe kwa usahihi wa GPS. Walipendelea itajwe kata peke yake, ili vichaka vyao visivamiwe, na tumefanya hivyo. Vipimo kamili vimebaki katika lebo za hebaria.

Kuhusu makazi ya holotipu palikuwa na mjadala mrefu. Wapo walioshauri ipelekwe Ulaya, mahali penye hali ya hewa ya kudhibitiwa na wageni wengi wa kisayansi. Msimamo wangu ulikuwa ibaki Dar es Salaam, na nusu ya mkusanyo ule ule ipelekwe Meise kama isotipu, yaani nakala ya holotipu, ili ajali ya sehemu moja isiufute ushahidi wote, na ili mwanafunzi wa hapa asilazimike kuomba mkopo wa uyoga uliochumwa nyumbani kwao. Msimamo huo ndio uliopita.

Mhakiki mmoja wa jarida amedai ITS, bila kukubali kwamba tef-1 inatosha. Tumerudi kwenye vijichupa vya silika na kujaribu vianzishi vilivyo karibu zaidi, ili kipande kirefu kisomwe kwa vipande viwili vinavyopishana katikati. Holotipu imefanikiwa, mikusanyo mingine bado. Mhakiki wa pili ametaka picha ya vifundo iliyo kali zaidi, nayo imetumwa. Ada ya jarida imesamehewa kwa waandishi wa nchi zetu, jambo linalopaswa kuulizwa kabla ya kuwasilisha andiko, si baada yake.

Matumizi hadi leo, ukiacha nauli na chakula, yanakaribia shilingi milioni 2.4, na zaidi ya nusu imekwenda kwenye DNA, ikiwemo ile ya ITS iliyoshindwa. Anayeanza leo na jenasi hii aanze na tef-1, na akiba yake aiweke kwenye sanduku la kukaushia na msimu wa pili porini. Ingizo linalofuata litakuja namba ya MycoBank itakapokuwa wazi kwa umma, pamoja na karatasi yetu ya kujazia porini kwa yeyote anayetaka kuinakili.